Picha Zilizopinda, Ujuzi Bila Cheti na Hesabu ya Jumamosi Sita

Barua za toleo hili zimetoka Amu (Lamu) na Malindi, pwani ya Kenya. Tumezifupisha, na majina tumeyaacha kwa ombi la wenyewe. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mbona nafasi zinawapita watu wenye kazi nzuri? Mara nyingi kazi haina kasoro. Kasoro iko kwenye karatasi inayotangulia mahali ambapo msanii mwenyewe hajafika.

Mimi ni mchoraji. Mwaka huu nimeomba nafasi nne za ukaazi wa wasanii, yaani kukaa ugenini kwa muda ukifanya kazi yako ya sanaa: mbili Ulaya, moja Nairobi na moja Dar es Salaam. Sikupata hata moja, wala hakuna aliyenambia kosa langu. Nawatumia picha zilezile nilizowapelekea wao. — Mchoraji, Langoni, Amu

Ndugu yetu, picha zako zimekuangusha kabla maneno yako hayajasomwa. Turubai zako zinaonekana pana juu na nyembamba chini kwa sababu umesimama ukaiinamisha simu. Mbili zina kivuli chako, na ile ya jahazi ina mng'ao wa flashi katikati ya tanga. Anayechagua hajui kwamba tanga hilo umelipaka tabaka tano. Anachokiona ni doa jeupe.

Rudia hivi. Tundika mchoro ndani ya ua, penye mwanga mwingi lakini pasipopigwa na jua, saa tatu au saa nne asubuhi. Kamera iwe usawa wa kitovu cha mchoro, simu imesimama wima kama ukuta. Rudi nyuma kiasi cha mita mbili, kisha kuza mara mbili. Ukisogea karibu, lenzi pana ya simu hubinua kingo. Zima flashi. Tega saa ya sekunde tatu ili kidole kisiitikise simu. Kando ya mchoro bandika karatasi nyeupe, kwa sababu simu hukisia rangi ya mwanga kutokana na vitu vilivyo pembeni, na ukuta wa chokaa ya zamani huidanganya. Baadaye utarekebisha rangi mpaka karatasi iwe nyeupe kweli, ndipo ukate pembezoni. (Wachongaji wanaosoma hapa: kwenu mwanga utoke ubavuni. Ukitoka mbele, nakshi hulala na ubao ukaonekana mtupu.)

Isipokuwa tangazo limesema vingine, faili liwe JPEG, upande mrefu pikseli 2,000, uzito usizidi MB 2. Picha uliyorushiwa na rafiki kwa WhatsApp imeshakonda njiani. Mwambie aitume kama dokumenti. Jina la faili lisiwe "IMG" na namba ndefu. Andika namba ya mfuatano, jina lako, kichwa cha kazi na mwaka. Chini ya kila picha weka kichwa, mwaka, nyenzo na vipimo kwa sentimita, kimo kwanza, upana baadaye.

Halafu uteuzi. Waliomba picha kumi, wewe umetuma kumi na mbili, na ndani yake mna punda, mlango, jahazi, sura ya mwanasiasa na nembo ya duka la simu. Ile nembo ni kazi ya riziki na haina aibu, lakini si ya faili hili. Zile za matanga ziko nane, zinazungumza lugha moja, na ndizo zako hasa. Tuma hizo, ongeza mbili za karibu nazo.

Maelezo yako yanaanza: "Mimi ni msanii mwenye kipaji ninayependa kuendeleza utamaduni wa Mswahili." Sentensi hiyo inaweza kuandikwa na yeyote kuanzia Kiwayuu hadi Vanga. Jaribu: "Nachora kwa akriliki juu ya vipande vya matanga yaliyochakaa, na viraka vya mshonaji naviacha vionekane." Hapo msomaji ameshaona kitu. Maneno 150 yanatosha: unachofanya, kwa nyenzo gani, swali gani linakusumbua, na kwa nini unakihitaji hicho chumba cha kazi kuliko kubaki nyumbani. Hilo la mwisho ndilo ulilolisahau kote.

Angalia pia saa ya kufunga. Tangazo la London la saa 23:59 wakati wa baridi kwetu ni saa 8:59 usiku. La New York msimu huohuo ni saa 1:59 asubuhi. Watu huhesabu vizuri kisha intaneti ya Amu ikawasaliti, kwa hiyo tuma siku mbili kabla. Na kabla ya kuomba, tafuta maneno manne kwenye tangazo: nauli, malazi, posho, vifaa. Lisilotajwa halilipwi. Ukaazi wa miezi miwili usio na nauli wala posho si zawadi, ni bili.

Kwa hatua uliyopo, mlango ulio karibu ni Nafasi Art Space ya Dar es Salaam, iliyopo tangu 2008, yenye vyumba vya kazi na mafunzo ya sanaa ya kisasa. Mfuko wa Prince Claus wa Uholanzi umekuwa ukitoa tuzo za mwanzo za yuro 5,000 kwa wasanii walio ndani ya miaka mitano ya kwanza ya kazi. Mtandao wa On the Move hukusanya matangazo ya safari za wasanii, na kuyasoma ni bure. Soma masharti ya mwaka huohuo unaoomba, hubadilika.

Nina miaka kumi na moja katika kuchonga milango. Nalianza kwa kusugua msasa, sasa mfaa wa katikati ya mlango na miimo ya pembeni naachiwa peke yangu. Kazi ya serikali ikatangazwa, wakataka cheti. Nirudi chuo miaka miwili? — Fundi, Mkomani, Amu

Fundi, usirudi chuo kabla ya kujaribu njia mbili.

Ya kwanza ni mitihani ya ufundi ya serikali inayosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ambayo ina kituo Mombasa. Ina madaraja matatu: la tatu ni la kuanzia, kisha la pili, kisha la kwanza. Aliyejifunza karakanani kwa fundi wake anaweza kuingia. Kabla ya kulipa uliza kituoni: fani zipi zinatahiniwa hapo, usajili unafungwa lini, na vifaa gani mtahiniwa huja navyo.

Fani iliyo jirani nawe ni useremala, na hapo pana mtego. Mtahini hatakuomba ua la nakshi. Atakupa mchoro wenye vipimo vya milimita akuambie uunge fremu. Mchongaji aliyezoea kupima kwa jicho na kwa shubiri hukwama hapo, ingawa mkono wake ni mzuri kuliko wa wote ukumbini. Fanya mazoezi ya kiungo cha ulimi na tundu, ambapo ncha ya mbao moja huingia kwenye tundu la nyingine. Kanuni ni kwamba unene wa ulimi uwe theluthi ya unene wa mbao: mbao ya milimita 45, ulimi 15. Ukiufanya 20, mashavu ya tundu yanabaki membamba na hupasuka unapogonga kabari. Ukiufanya 8, ulimi wenyewe hukatika. Piga mistari kwa kisu badala ya penseli, kata upande wa taka, yaani ule unaotupwa, malizia kwa patasi. Unga fremu kama hiyo kumi kabla ya kwenda. Tano za mwanzo zitakuwa za kuwashia moto.

Ujiandae na maswali ya mbao pia. Kwa nini ubao mbichi hupasuka baada ya kuchongwa? Kwa sababu vichwa vyake hukauka upesi kuliko tumbo. Nje inasinyaa, ndani bado imevimba. Ndiyo maana vichwa hupakwa nta au rangi nzito wakati mbao zinakaushwa kivulini, zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti hewa ipite. Wachongaji wa Malindi wanaotumia mwarobaini wanalijua hili vizuri, maana haraka kidogo tu sanamu hufunguka mstari toka kichwani hadi miguuni.

Njia ya pili ni kutambuliwa kwa ujuzi ulioupata nje ya darasa, chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Kitaaluma, KNQA, iliyoundwa kwa sheria ya 2014. Taasisi zilizoidhinishwa hukagua ushahidi, hukuhoji na kukutazama ukifanya kazi. Ushahidi ndio unaowakwaza mafundi wetu, kwa kuwa mlango ukishauzwa hawana hata picha yake. Anza na mlango ulioko mezani leo: ubao mtupu, mchoro wa penseli, nakshi ikiwa nusu, viungo kabla ya kufungwa, msasa, mlango umesimama kwenye nyumba. Katika picha mbili au tatu mikono na uso wako vionekane. Ongeza barua ya fundi mkuu yenye mwaka ulioanza na kazi ulizoachiwa, na barua za wateja wawili. Fundi mkuu akiwa mzee, barua hiyo iombe mwezi huu.

Naongoza kikundi cha kina mama na vijana. Tunawafundisha watoto kuchora na ngoma. Shirika moja limesema lete bajeti ya wiki sita. Hatujui tuandike nini. Na mimi mwenyewe nipate wapi mafunzo ya kazi hii? — Mama wa kikundi, Shella, Malindi

Mama, kabla ya bajeti angalia kama kikundi kimesajiliwa. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ni ya 2022, na inataka wanachama wasiopungua kumi. Katiba yenu, muhtasari wa kikao na orodha ya viongozi vinapelekwa ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Bila cheti hakuna akaunti ya benki ya kikundi, na mfadhili makini hatatuma pesa kwenye simu ya mwenyekiti.

Sasa hesabu. Tuchukue mfano wa watoto ishirini wa miaka 9 hadi 13, walimu wawili, Jumamosi sita, saa mbili kila mara. Bei ni za mfano. Zako zitoe dukani.

Anza na walimu. Kosa kubwa la vikundi vyetu ni kuandika "anajitolea" mbele ya jina la mwalimu. Jumamosi ya tatu mwalimu anapata kibarua, na watoto wanakuta mlango umefungwa. Mlipe, na ulipie saa zote: mbili za kufundisha, moja ya kuandaa, moja ya kupanga na kusafisha. Nne mara sita ni 24, ongeza nne za mpango na ripoti, jumla 28. Kwa shilingi 500 kwa saa ni 14,000, wawili 28,000.

Vifaa: shilingi 60 kwa mtoto kwa siku, yaani 7,200. Rangi usinunue kwa kukisia. Mtoto mmoja hutumia kama mililita 5 za kila rangi kwa siku. Watoto ishirini, siku tano za rangi, ni nusu lita ya kila rangi. Nyekundu, manjano, samawati, nyeupe na nyeusi zinatosha, mengine wachanganye wenyewe. Tumesema siku tano kwa kuwa ya kwanza isiwe ya rangi hata kidogo. Ukiwafungulia mikebe siku ya kwanza, robo saa tu kila karatasi imeshakuwa na rangi ya tope na walimu wamegeuka wapiga deki. Waanze na mkaa na chaki, wachore kitu walichokuja nacho mkononi.

Maji na mahamri kwa watu 22, shilingi 50 kila mmoja: 6,600. Darasa mmepewa bure, lakini mlinzi na usafi 300 kwa siku: 1,800. Tuktuk ya kubeba vifaa kwenda na kurudi 400 kwa siku: 2,400. Maonyesho ya siku ya mwisho 3,000, sanduku la huduma ya kwanza 1,500, simu na uchapishaji wa picha 1,000. Yote ni 51,500. Asilimia kumi ya dharura 5,150. Ombi lenu ni shilingi 56,650, na kila namba ina maelezo. Lile darasa la bure nalo liandikwe kama mchango wenu, kwa kodi ambayo mngelipa. Wafadhili wengi huuliza nyinyi mnaleta nini.

Msipange saa kabla ya kuwauliza walimu wa madrasa. Jumamosi asubuhi watoto wengi wako chuoni, na darasa lenu likigongana na chuo, wazazi wataamua bila kuwauliza.

Kila mzazi atie saini fomu. Ruhusa ya mtoto kushiriki iwe mstari mmoja, ruhusa ya kupigwa picha iwe mstari mwingine, kwa sababu wapo watakaokubali la kwanza wakatae la pili, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kwa taarifa za mtoto. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto chumbani. Walimu wote wachukue cheti cha tabia njema cha polisi kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Stakabadhi za muuza mahamri ziandikwe tarehe, kiasi na namba yake ya simu siku ileile. Mwisho wa wiki ya sita hamtakumbuka.

Mafunzo yako mwenyewe: kwa muziki na ngoma, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, Unguja, kinafundisha taarabu, kidumbaki na ngoma tangu 2002. Kwa sanaa za jukwaani kuna TaSUBa ya Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa 1981. Kitambulisho pekee hakikuvushi kwenda Tanzania. Chukua pasi au hati ya muda ya kusafiria. Kama huwezi kuondoka, omba kumsaidia mtu mwenye uzoefu kwa darasa zima la wiki sita, ukiwa na kazi maalumu: wiki mbili kutazama na kuandika, mbili kuongoza robo saa ya mwanzo, mbili kuongoza darasa naye akikutazama. Kwa kazi hii tunaona inafaa kuliko semina ya siku tatu yenye cheti na chakula cha mchana.

Hoteli moja ilituita tucheze ngoma mara tatu. Miezi minne sasa hatujalipwa, ni "njooni wiki ijayo". — Kikundi cha ngoma, Malindi

Andikeni barua ya madai: tarehe za maonyesho, kiasi, na siku 14 za kulipa. Iwasilishwe mkono kwa mkono na nakala igongwe muhuri. Zikipita, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, lengo likiwa kumaliza ndani ya siku 60, na mnaweza kujisimamia bila wakili. Ushahidi ni jumbe za simu za kuwaita, picha mkiwa jukwaani, na rekodi ya M-Pesa kama kulikuwa na malipo ya awali. Tena safari ijayo chukueni nusu kabla ya siku, na nusu kabla ngoma hazijapakiwa garini.

Natunga mashairi, na nyimbo za vugo, zile za wanawake harusini, naziimba kama nilivyorithi kwa bibi. Mwanamuziki amechukua beti zangu mbili akaziweka kwenye wimbo wake pamoja na kipande cha vugo. Sikusajili popote. Nina haki? — Mtungaji, Amu

Dada, hapo mna vitu viwili, visichanganywe.

Beti ulizotunga ni zako tangu ulipoziandika au kuzirekodi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 haikulazimishi kusajili, na ulinzi unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada yake. Kusajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, kunasaidia kwenye ushahidi. Daftari lenye tarehe nalo lina nguvu, na sauti uliyomtumia mtu kwa simu miaka miwili iliyopita ina nguvu pia, usiifute. Mwandikie kwanza kwa upole ukitaka mambo mawili: jina lako litajwe, na malipo. Akikubali, mkataba useme beti zipi, wimbo upi, matumizi gani, kwa muda gani, na sehemu yako ya mapato ya utunzi. Neno "haki zote" likiwemo, usitie saini. Kumbuka wimbo una haki ya utunzi na haki ya rekodi. Yeye anaweza kuwa na rekodi, utunzi wa beti ukabaki kwako.

Kipande cha vugo ni jambo jingine. Hukukitunga wewe, wala yeye. Ni mali ya jamii, na Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Vielelezo vya Utamaduni ya 2016 inaipa jamii nafasi ya kuidhinisha matumizi yake. Kwa hiyo huwezi kumdai kana kwamba ni chako, naye hawezi kukisajili kama chake. Na nawe ukirekodi vugo, kwenye jalada andika "wimbo wa jadi", utaje mji na walioimba.

Nimechaguliwa kwa tamasha la Kanada ingawa sikuomba. Wanataka dola 180 za viza kupitia namba ya simu. — Kijana, Malindi

Usitume. Viza ya Kanada huombwa na mwombaji mwenyewe kwa serikali ya Kanada. Hakuna tamasha linaloiuza. Ada ya kuomba nafasi ipo mahali pengine, lakini huandikwa wazi kwenye tangazo, hulipwa kabla ya uteuzi, na hailipwi kwa namba ya mtu binafsi. Tafuta tovuti ya tamasha hilo mwenyewe bila kubonyeza kiungo walichokutumia, uwaulize kwa anwani utakayoikuta hapo. Kama ulishawatumia nakala ya pasi au kitambulisho, toa taarifa polisi leo na uhifadhi jumbe zao zote.